Likizo ndefu na Kiingereza cha mwanafunzi wa Mpanda

Mfasiri anayekutana na maneno ya Kiingereza "summer holiday" huandika upesi "likizo ya kiangazi", na mara nyingi hakuna anayemsahihisha. Hadithi ikiwa ni ya London, tafsiri hiyo yaweza kupita, ingawa "majira ya joto" ni bora zaidi, kwa kuwa kiangazi katika Kiswahili ni kipindi cha ukame kabla ya kuwa kipindi cha joto. Lakini mwalimu wa Mpanda akimpa mwanafunzi wake insha yenye kichwa hicho, neno lenyewe linakuwa fumbo. Katika mkoa wa Katavi mvua hunyesha msimu mmoja tu, takribani kuanzia Novemba hadi Aprili, na wenyeji huuita msimu huo masika. Juni na Julai ni kiangazi kwa maana ya ukame, lakini usiku kuna baridi. Mtu wa pwani angeuita wakati huo kipupwe. Joto kali huja Septemba na Oktoba, majani yakiwa yamekauka na vumbi limetanda, kabla mvua za kwanza hazijaanguka. Basi mwanafunzi aulizwaye alifanya nini katika "summer" hana budi kwanza kuchagua ni mwezi gani anaulizwa.

Neno "likizo" lenyewe halina utata wa namna hiyo. Linatokana na kitenzi "likiza", yaani kumruhusu mtu aache kazi kwa muda. Linatumika kwa mtumishi wa serikali, kwa mama aliyejifungua na kwa mtoto wa shule. Mwenzake, "muhula", una asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni muda ambao mtu amepewa, nafasi ya kungoja. Kalenda ya shule za Tanzania ina mihula miwili: wa kwanza kuanzia Januari hadi Juni, wa pili kuanzia Julai hadi Desemba. Kuna likizo ya Juni, na kuna ile ya Desemba. Lakini iko likizo ya tatu isiyoitwa kwa jina lolote rasmi, nayo ndiyo ndefu kuliko zote.

Majuma kumi na sita

Mwanafunzi wa darasa la saba hufanya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi mwezi Septemba. Akishaweka kalamu chini, shule ya msingi imekwisha. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati pana takribani majuma 16 ambayo mtoto huyu si mwanafunzi wa shule yoyote: hana mwalimu, hana ratiba, na mara nyingi hana kitabu, kwa sababu vitabu vya shule hubaki shuleni.

Majuma hayo 16 ndiyo yenye kazi nyingi kuliko yote mashambani Katavi. Wakulima wa tumbaku huwa wamekwisha kuandaa vitalu, na miche huhitaji kumwagiliwa asubuhi na jioni hadi mvua zishike. Mashamba hufyekwa, matuta huinuliwa. Novemba na Desemba ni kupanda mahindi, karanga na mpunga, na kuhamishia miche ya tumbaku shambani. Mtoto wa miaka 13 au 14 aliyemaliza darasa la saba ni mkono kamili katika kaya, na hakuna mzazi anayeona sababu ya kumwacha akae na daftari mchana kutwa. Si haki kumlaumu mzazi huyo. Ushauri wowote kuhusu Kiingereza cha likizo usioanza na jembe umeandikwa kwa ajili ya watoto wengine.

Kinachomngoja mtoto huyu Januari kinajulikana. Katika shule za serikali amefundishwa hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili, na Kiingereza amekisoma kama somo mojawapo. Kuanzia kidato cha kwanza karibu masomo yote, mbali na Kiswahili na lugha nyingine, yatafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kwa mtoto wa Mpanda mara nyingi hii si lugha ya pili bali ya tatu. Nyumbani huenda wanazungumza Kikonongo, Kibende, Kipimbwe, Kifipa au Kisukuma. Na katika Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi wa Burundi, Kirundi bado ni lugha ya jikoni. Kiswahili amekipatia sokoni na shuleni. Kiingereza hakipatii popote ila darasani, na darasa limefungwa tangu Septemba.

Taifa limelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika kidato cha kwanza ifikapo 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walitoa taarifa iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo, walishauri kwamba lugha hiyo iimarishwe badala ya kuondolewa. Baadaye ukaja mradi ambao nguvu yake kubwa ilikuwa kupeleka shuleni vitabu vyepesi vya kusoma. Mjadala wa lugha ya kufundishia haujafungwa hadi leo, na makala hii haina nia ya kuufunga. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza mwezi ujao hawezi kuungoja.

Kinachosahaulika kwanza

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba kusahau hakuendi kwa mwendo mmoja. Sehemu kubwa hupotea mapema sana, katika saa na siku za mwanzo, kisha upoteaji hupungua kasi. Alionyesha pia kwamba kurudia kidogokidogo kwa siku mbalimbali hushinda kurudia mara nyingi kwa mkupuo mmoja. Matokeo haya mawili yanamfaa mtoto wa kitalu cha tumbaku kuliko mtoto wa mjini mwenye saa tatu za masomo ya ziada: dakika 10 kila jioni kwa miezi minne zina thamani kuliko juma moja la kukesha mwanzoni mwa Januari.

Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, alilipatia jambo hilo chombo katika kitabu chake cha mwaka 1972. Chombo ni kadi na masanduku. Neno huandikwa upande mmoja, maana upande wa pili. Kadi mpya hukaa sanduku la kwanza, ambalo hupitiwa kila siku. Ikijibiwa vyema huhamia la pili, linalopitiwa kila siku ya tatu. Ikijibiwa tena huhamia la tatu, la mara moja kwa juma. Ikikosewa hurudi la kwanza, hata kama ilikuwa imefika mbali. Kadi zaweza kukatwa kwenye karatasi za daftari la darasa la saba lenye upande mtupu, na masanduku yakawa boksi tupu za chaki. Maneno 5 kwa siku, siku 6 kwa juma, kwa majuma 16, ni maneno 480. Wengine watasema ni machache. Kwa mtoto aliyemaliza shule ya msingi, nyongeza ya maneno 480 anayoyajua barabara ni kitu kikubwa.

Swali ni maneno yapi. Hapa vitabu vingi vya kujifunzia hukosea, kwa kuanzia na uwanja wa ndege na duka la vitabu. Kwa mtoto wa Mpanda maneno ya kuanzia yako shambani, kwa sababu kitu chenyewe anakishika mkononi na kadi yake inarudiwa kila akikiinua.

Kitenzi "panda"

Chukua kitenzi kimoja. Tunapanda mahindi. Tunapanda treni ya kwenda Kaliua. Mbuzi wamepanda kilima. Bei ya mbolea imepanda. Kiswahili kinatosheka na neno moja kwa matamshi, ingawa kamusi huligawa katika vidahizo tofauti: panda ya kuweka mbegu ardhini na panda ya kwenda juu. Kiingereza hudai vitenzi vinne: "plant" kwa mahindi, "board" au "get on" kwa treni, "climb" kwa kilima, "rise" au "go up" kwa bei. Mwanafunzi aliyekariri kwamba panda ni "climb" ataandika "We climbed the train", na Mwingereza atakayeisoma atawaona watu juu ya paa la behewa. Kosa hili halitokani na kutojua Kiingereza kwa jumla. Linatokana na kujua maana moja ya neno lenye maana nne. Kwa hiyo kadi ya "panda" isiandikwe neno kwa neno. Iandikwe sentensi kamili, na ziwe kadi nne.

Kinyume chake pia kipo. Mpunga wa Mpimbwe, katika bonde la Rukwa, ni mpunga ukiwa shambani, ni mchele ukishakobolewa, na ni wali ukishapikwa. Kiingereza huita vyote vitatu "rice", na kina "paddy" tu kwa mpunga pale inapolazimu. Mfasiri anayetoka Kiingereza kwenda Kiswahili ndiye anayepaswa kuwa macho hapa, kwa kuwa "rice" haimwambii kama gunia hilo linakwenda kwenye mashine ya kukoboa au sufuriani.

Kazi za mavuno nazo zina msamiati uliopangika vizuri, na likizo ya Juni huangukia humo: kuvuna ni "harvest", kupukuchua mahindi ni "shell", kupura mpunga ni "thresh", kupepeta ni "winnow", kutwanga ni "pound", kusaga ni "grind". Kurina asali, kazi inayojulikana sana katika misitu ya miombo ya Katavi, haina kitenzi chake katika Kiingereza. Husemwa tu "harvest honey". Kusia mbegu kitaluni ni "sow", kuhamisha miche ni "transplant", na kupalilia ni "weed", neno ambalo huwashangaza wanafunzi kwa kuwa pia ni jina la gugu lenyewe.

Shambani: kwenye, kwenda, kutoka

Kiambishi "-ni" ndicho kinachomponza mwanafunzi kuliko msamiati wote. Niko shambani. Naenda shambani. Nimetoka shambani. Neno "shambani" halibadiliki. Kitenzi ndicho kinachobeba habari kama mtu yupo, anakwenda au anarudi. Kiingereza hufanya kinyume: hukipa kitenzi nusu ya kazi na kuiacha nusu nyingine kwa kihusishi. "I am in the field", "I am going to the field", "I have come from the field". Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili huona vihusishi hivyo kama mapambo, akaviacha au akachagua kimoja kwa vyote. Zoezi la likizo ni jepesi: kila atokapo na kila arudipo, aseme sentensi moja kwa sauti na kihusishi chake. Stesheni, kisimani, sokoni, kanisani, msikitini. Njiani kuna nafasi ya kutosha.

Nafsi ya tatu ina shida ya aina hiyo. Kiambishi "a-" katika "analima" hakitofautishi mwanamume na mwanamke, na kwa maoni yangu lugha yetu haijapungukiwa chochote kwa hilo. Lakini Kiingereza hulazimisha "he" au "she" katika kila sentensi, na mwanafunzi ambaye shangazi yake ni "he" mwanzoni mwa aya na "she" mwishoni hupoteza alama bila kuelewa sababu. Kusimulia habari za jamaa halisi, babu, bibi, mjomba, dada, hurekebisha hili haraka kuliko zoezi la kujaza nafasi, kwa kuwa msimulizi anawajua anaowasema.

Wapo wanaoshauri shajara. Ni ushauri mzuri ukiwa mdogo: sentensi tatu kila jioni, moja yenye "-li-", moja yenye "-me-", moja yenye "-ta-", ziandikwe moja kwa moja kwa Kiingereza. Jana tulifyeka. Leo tumemwagilia. Kesho tutakwenda mjini. Zikizidi tatu, shajara hufa juma la pili.

Maneno yanayofanana na kudanganya

Mwanafunzi wa Mpanda ana Kiingereza kingi asichokijua kuwa ni Kiingereza. Reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda na kufika mwaka 1950, ililetea mji huu stesheni, tiketi na injini. Tumbaku ya mvuke inakaushwa katika bani, na mabani hayo ni "barn" ya Kiingereza iliyovaa mavazi ya Kiswahili. Plau ni "plough". Maneno haya ni mtaji, na mwalimu hufanya vyema kuanza nayo.

Baadhi yake, hata hivyo, yamehama maana. Hoteli kwa watu wengi wa bara ni mahali pa kula chai na chapati. "Hotel" ni mahali pa kulala, na mahali pa kula ni "restaurant" au "café". Gesti ni nyumba ya kulala wageni, lakini "guest" ni mgeni mwenyewe, na sentensi "I slept in a guest" haifai kuandikwa katika mtihani. Mtoto anayetumwa mashineni anatumwa kusaga unga. Kwa Kiingereza ametumwa "to the mill". "Machine" ni mtambo wowote.

Kitabu kilichoko ghalani

Kaya isiyo na kitabu cha Kiingereza si kaya isiyo na maandishi ya Kiingereza. Mifuko ya mbolea ina uzito, majina ya virutubisho na maelekezo ya kuhifadhi. Pakiti za mbegu zina nafasi kati ya mistari na kina cha shimo. Chupa na pakiti za viuatilifu zina zaidi. Huko maneno matatu hupangwa kwa ngazi ya hatari: "Danger" ni kali kuliko "Warning", na "Warning" ni kali kuliko "Caution". Kamusi nyingi zitakupa "hatari", "onyo" na "tahadhari", tafsiri zilizo sahihi kila moja peke yake, ila hazionyeshi kwamba kwenye lebo ni ngazi. Aliye shambani na pampu mgongoni anastahili kuijua tofauti hiyo. Mtoto wa miaka 14 anayeweza kumsomea baba yake lebo kabla dawa haijafunguliwa amefanya kazi ambayo mtihani wa Septemba haukumpa alama.

Sentensi moja ya lebo inafaa darasa zima la tafsiri: "Keep out of reach of children". Anayefuata neno kwa neno hutafuta "reach" na kukuta "kufikia", kisha huandika kitu kama "weka nje ya kufikia kwa watoto", maneno ya Kiswahili yasiyo Kiswahili. Kinachotakiwa ni "weka mbali na watoto", au "weka mahali watoto wasipofikia". Mwanafunzi akiyaona yote mawili, lile baya na lile zuri, hujifunza lugha mbili kwa pamoja.

Kuhusu kamusi yenyewe, Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996 bado ni msaada wa kuaminika, na nakala iliyochakaa ni bora kuliko kutokuwa nayo. Lakini mtoto afundishwe kuifungua kabla ya Septemba. Neno "went" litafutwe chini ya "go", "bought" chini ya "buy", kama vile "wamepanda" hutafutwa chini ya "panda". Asisimame kwenye maana ya kwanza. Maana ya kwanza ndiyo iliyowapandisha watu juu ya behewa. Aliye na simu nyumbani anaweza kupata vitabu vya kiada katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ikiwa mtandao unafika.

Vitenzi vya mtihani

Limebaki kundi moja la maneno ambalo kadi zake ziandikwe Desemba, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa. Ni vitenzi vya maswali. Katika shule ya msingi mtoto amezoea "taja", "eleza" na "chagua". Kidato cha kwanza kitamletea mengi zaidi, na tafsiri ya kamusi pekee haitoshi. "List", "name", "mention" na "state" zote huangukia "taja", ingawa "state" mara nyingi hudai sentensi kamili, kwa mfano kanuni ya fizikia, si neno moja. "Describe" na "explain" zote huitwa "eleza", na hapa hasara ni kubwa: "describe" inataka kitu kilivyo au kinavyotokea, "explain" inataka sababu au namna kinavyofanya kazi. Swali la biolojia linalosema "describe" hujibiwa kwa umbo na sehemu. Lile la "explain" hujibiwa kwa "kwa sababu". Anayependa usahihi anaweza kuandika kwenye kadi "eleza kilivyo" kwa la kwanza na "eleza kwa nini" kwa la pili. "Define" ni "toa maana". "Differentiate" ni "tofautisha", na jibu lake lina pande mbili katika kila hoja; anayeandika upande mmoja amejibu nusu.

Na kuna "account for", linalowapata wengi katika historia na jiografia. Mtoto anayeijua "count" huona hesabu ndani yake, akaanza kuorodhesha na kutia namba. Maana yake ni "eleza sababu za". Swali likisema "Account for the growth of Mpanda", mtahini hataki idadi ya watu wala ya nyumba. Anataka mgodi, reli, tumbaku, na kuteuliwa kwa mji huo kuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi mwaka 2012.